Mchapuko si kasi, wala 180 si mchapuko

Matangazo ya magari yaliyotumika yanalipenda neno hili: "CC 1500, automatiki, mchapuko 180." Redioni nako, ikitokea ajali, utasikia dereva "alikuwa na mchapuko mkubwa" alipogonga nguzo. Wote wawili wanazungumzia kasi.

Kasi ni umbali unaokwenda kwa muda fulani. Mchapuko ni jinsi kasi hiyo inavyobadilika kadiri muda unavyopita. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza, mchapuko wake ni sifuri. Pikipiki inayochomoka kwenye taa, mshale bado uko 15, inaweza kuwa na mchapuko mkubwa. Ndiyo maana kipimo chake kinataja sekunde mara mbili: mita kwa sekunde, kwa kila sekunde. Hata breki ni mchapuko, ila wa hasi. Maana yenyewe inaishia hapo.

Neno halina siri. Kuchapua mwendo ni kuuongeza, na anayeambiwa achapue miguu anajua kwamba haambiwi aendelee kama alivyo. Madereva wengi wa Tanzania hawalitumii kabisa, lakini dhana wanayo sawasawa: gari "limechanganya", yaani limeshika mwendo, au "bado halijachanganya". Hakuna atakayekuambia gari lake limechanganya 180.

Sasa hiyo 180 imetoka wapi? Imetoka Japani. Watengenezaji wa huko walikubaliana kwa hiari kwamba magari ya soko lao la ndani yazuiwe yasipite kilomita 180 kwa saa, na spidomita nyingi zikachorwa kuishia hapo. Magari hayohayo ndiyo yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo kigari chenye injini ndogo na saluni yenye injini kubwa maradufu vinaweza kuwa na namba ileile kwenye dashibodi. Namba hiyo haikuambii kama gari litafika 80 kwa sekunde 8 au kwa sekunde 20, na ukiwa unaingia barabara kuu, hilo ndilo swali.

Kenya inao mfano mzuri wa tofauti hii. Kanuni za Michuki za mwaka 2004, zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizilazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo ili zisizidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti hicho kinazuia kasi, mchapuko hakiugusi. Matatu inayoruka kutoka steji hadi abiria waliosimama wakaegemeana haijavunja sheria ya 80, maana pengine haijafika hata 30. Aliyebanwa mgongo kwenye siti ya nyuma hakubanwa na kasi.

Kuchanganya mambo haya si ujinga. Hata mwanasayansi Galileo alijikwaa hapa. Mwaka 1604 alimwandikia rafiki yake Paolo Sarpi kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa kadiri ya umbali kilioanguka: umbali maradufu, kasi maradufu. Baadaye akajirekebisha: kasi inaongezeka kwa kadiri ya muda, na umbali unakua kwa mraba wa muda huo. Madereva wengi bado wako kwenye ile barua ya 1604. Ikiwa gari lako, kutoka kusimama, linahitaji mita 50 kufika kilomita 40 kwa saa, unadhani kufika 80 litataka mita 100. Litataka 200, hata kama mchapuko utabaki uleule njia nzima. Na hautabaki: kadiri kasi inavyopanda, injini inabakiwa na nguvu ndogo ya kusukuma na upepo unazidi kukukataa. Ndiyo maana gari jepesi mjini, linalowaacha wenzake kila taa zikiwaka kijani, linaweza kuhema vibaya kati ya 60 na 100.

Turudi kwenye kuingia barabara kuu, yaani kwenye kile kipande cha leni kinachokutoa pembeni na kukuunganisha nayo. Kimewekwa ili uchapuke. Hakikuwekwa ili utambae hadi mwisho, usimame, kisha uchungulie kioo. Wala si steji, ingawa Thika Road ya Nairobi utadhani ndiyo kazi yake. Tuseme leni kuu inakwenda 80, kiwango cha juu cha Nairobi Expressway, nawe unaingia ukiwa na 40. Gari la nyuma linakusogelea mita 11 kila sekunde. Pengo uliloliona ni mita 55. Ukikanyaga ukafika 80 kwa sekunde 8, jambo la kawaida kwa gari dogo, katika sekunde hizo yule wa nyuma atakuwa amekula mita 44 za pengo lako. Zimebaki 11, yaani nusu sekunde kwa mwendo ule. Lakini ukiwa umeshachapuka kwenye leni ya kuingilia na ukafika 80 kabla ya kuhama, pengo linabaki karibu lilivyokuwa. Makanga anayerukia matatu inayoondoka hukimbia kwanza sambamba nayo, ndipo akashika mlango.

Kumbuka pia kwamba mchapuko wa gari lako haukai palepale. Gari la kilo 1,100, ukilipakia watu na mizigo ya kilo 350, linapoteza karibu robo ya mchapuko wake kwa nguvu ileile ya injini. Nairobi nayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kile kifaa kinachoisukumia hewa) inavuta hewa kidogo na kutoa nguvu kidogo. Aliyezoea gari lake Nyali, Mombasa, akija nalo Nairobi atafikiri fundi amemharibia. Wenye automatiki za zamani wana kitufe cha O/D (overdrive): ukikizima, gia ya juu inafungwa na injini inavuta vizuri zaidi. Wengine mkanyage mafuta hadi chini, gia itashuka yenyewe. Wa gia za mkono washushe mapema, kabla ya leni kwisha. Na kama nafasi hakuna, punguza mwanzoni mwa leni ili mbele yako ubaki na mita za kuchapukia. Walio kwenye barabara kuu hawadaiwi kukupisha.

Walimu wa udereva wana usemi wao: "Ingia polepole." Sidhani wamekosea sana. Nadhani wanamaanisha usukani ugeuzwe taratibu, indiketa iwashwe mapema, shingo igeuzwe kuangalia pale kioo kisipofika. Hayo yote, polepole ni sawa. Ila mguu wa kulia haumo kwenye agizo hilo, na mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo kabla hajafika kwenye leni yenyewe.