Familia ya Kihispania haina silabi nne

Juzi kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga nilimsikia kijana anayejinoa kuongoza watalii Serengeti akimwambia mwenzake: "Kihispania chepesi mwanangu, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili tu."

Nusu kweli. Neno likiishia na irabu, n au s, ndivyo ilivyo: CA-sa, JO-ven. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo unahamia mwisho: ciu-DAD, ho-TEL. Neno lisilofuata utaratibu huo huwekewa alama juu ya irabu, nayo si pambo. Huko Amerika ya Kusini papa ni kiazi, papá ni baba. (Papa wetu wa baharini hahusiki.)

Ila kinachotukwaza hasa, kwa maoni yangu, ni kukata silabi. Chukua familia, neno lenye tahajia ileile kwetu na kwao. Sisi tunahesabu nne, fa-mi-LI-a. Wao tatu, fa-MI-lia, maana i isiyo na mkazo ikikaa jirani na a, zote mbili huingia silabi moja. Zikitengana, alama itaonekana: Ma-RÍ-a.

Kisha kuna nz na ng. Kwetu huanzisha silabi: Mwa-nza, Ka-ma-nga. Mhispania hana silabi inayoanza hivyo, kwa hiyo danza, yaani dansi, ni dan-za, na manga, mkono wa shati, ni man-ga.

Kivuko kilipotia nanga, kijana alikuwa bado anajifanyia mazoezi kwa sauti: "Mi fa-mi-LI-a."