Je, wajua kwa nini sarafu nyingine hutoka kiwandani zikiwa na kasoro?

Fundi baiskeli mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kunionyesha sarafu ya shilingi 50 ya Tanzania yenye tundu katikati, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba sarafu zilizokosewa kiwandani hununuliwa kwa mamilioni. Niliigeuza juani. Tundu lilikuwa limekata tumbo la kifaru, na upande mmoja kingo zake zilikuwa zimeacha ncha za metali zilizojikunja, kama zinavyobaki baada ya keekee kupita. Kuna mtu aliyekuwa ameitoboa ili aitumie kama wosha, jambo ambalo fundi mwenyewe, kwa kazi yake, alipaswa kulijua kabla yangu.

Swali lake, hata hivyo, lilikuwa la haki. Wazee wanaikumbuka senti kumi ya wakati wa ukoloni, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa na tundu kwa makusudi: kisahani kilitobolewa kikiwa bado kitupu, na maandishi yakapangwa kulizunguka tundu hilo bila kuguswa nalo. Kwa sarafu ya namna hiyo, kasoro ni kukosa tundu. Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo hili lote, kwamba alama ya ajabu kwenye sarafu haihesabiki kuwa kasoro ya kiwandani mpaka uweze kueleza ilitokea katika hatua ipi ya kazi. Ikiwa hakuna hatua inayoweza kuizaa, basi ilizaliwa mfukoni, barabarani au kwenye meza ya fundi.

Sarafu huanza ikiwa ukanda mrefu wa metali, ambao mashine huukata visahani vitupu kama mpishi anavyokata maandazi kwa mdomo wa glasi. Ukanda usiposogezwa mbele vya kutosha, kikataji huangukia kwa sehemu kwenye tundu la kisahani kilichotangulia, na kinachotoka ni kisahani chenye pengo lenye umbo la hilali, kama biskuti iliyoumwa. Sarafu za namna hii ni rahisi kughushi kwa tupa, na kwa hiyo inafaa kujua kinachofuata. Visahani hupashwa moto ili vilainike, huoshwa, kisha hupitishwa kwenye mashine inayovibana ukingoni ili ukingo uinuke. Pengo linapopita katika mbano huo, upande ulio mkabala nalo haupati kitu cha kuusukuma kutoka ng'ambo, na ukingo wake haunyanyuki ipasavyo. Sarafu iliyoumwa kiwandani basi ina mahali pawili pa kutazama: pengo lenyewe, na upande wa pili kabisa, ambako ukingo huwa umefifia au haupo. Anayekata nyumbani hulikumbuka pengo na kuusahau upande wa pili.

Kutoka hapo kisahani hupelekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja kwa kila upande, huku pete imara ikikizunguka kisitanuke, na mihuri hukigonga kwa nguvu ya makumi ya tani. Kasoro inayotokana na kisahani au na pigo moja la mashine huwa ya sarafu hiyo peke yake. Kasoro iliyo kwenye muhuri hurudiwa vilevile kwenye kila sarafu ambayo muhuri huo umeigonga, na ndiyo maana wakusanyaji huipenda zaidi, kwa kuwa inaweza kulinganishwa, kuelezwa na kutafutwa.

Mfano mashuhuri ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, yenye kichwa cha Lincoln. Wakati huo muhuri wa kugongea sarafu ulitengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, kwa sababu chuma hukakamaa kinapokandamizwa na hulazimika kurudishwa motoni kabla ya kukandamizwa tena. Katika kiwanda cha Philadelphia, muhuri mmoja ulirudishwa ukiwa umezunguka kidogo tu kutoka mahali ulipokuwa, na mara ya pili maandishi yakaangukia kando ya yale ya kwanza. Ukiitazama senti hiyo, huhitaji lenzi: mwaka 1955, neno la uhuru lililo nyuma ya Lincoln na maandishi yaliyo juu ya kichwa chake vyote vinaonekana mara mbili, kana kwamba macho yako ndiyo yenye matatizo. Kosa liligunduliwa wakati zaidi ya senti 20,000 zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine nyingi zilizo nzima, na wakubwa wa kiwanda wakaona afadhali kuziachia kuliko kuyeyusha rundo zima. Inasimuliwa kwamba nyingi zilifika kwa watu ndani ya pakiti za sigara: mashine za kuuzia ziliingizwa senti 25 na sigara ziliuzwa senti 23, hivyo chenji ya senti mbili ilichomekwa chini ya nailoni ya pakiti. Leo hata iliyochakaa huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Mwaka huohuo ulitoa pia senti nyingine ambayo tarakimu ya mwisho ya 5 ina kivuli, na wakusanyaji wa Marekani huiita kwa kejeli kuwa ya maskini. Kivuli hicho kilitokana na muhuri uliochakaa kwa kugonga sarafu nyingi mno, kiasi kwamba kingo za herufi zikaanza kutanuka. Thamani yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya kwanza. Tofauti huonekana chini ya lenzi ya kukuzia: herufi iliyorudiwa kwenye muhuri huwa na maumbo mawili kamili, yenye unene na pembe zake, ilhali muhuri uliochakaa hutoa ukungu usio na umbo, na muhuri uliotikisika wakati wa kugonga huacha ngazi bapa iliyomegwa kwenye herufi yenyewe. Sarafu nyingi zinazotangazwa mtandaoni kuwa zimegongwa mara mbili ni za namna hizi mbili za mwisho, na anayezinunua kwa bei ya ile ya 1955 amenunua uchakavu.

Kasoro za wakati wa kugonga huonekana upesi. Mashine za kisasa hugonga takriban sarafu 700 kwa dakika, na kisahani kikiingia vibaya, picha huangukia kando na kuacha hilali ya metali tupu. Pete isipokaa mahali pake, sarafu hutanuka na kupoteza vijino vya ukingoni. Muhuri ukipasuka, metali huingia katika ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Neno kuinuka ni la kuzingatia, kwa kuwa mkwaruzo wa msumari huzama. Kwenye sarafu zenye metali mbili, kama zile za Kenya za shilingi 5, 10 na 20, hutazamwa pia kama kiini kimekaa katikati ya pete yake. Na kwa yeyote mwenye chenji mezani lipo jaribio dogo: shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili, picha ikiwa wima, uizungushe, kisha ulinganishe na nyingine tano za aina ileile. Ikiwa moja tu ina upande wa nyuma uliolala, muhuri wake ulikuwa umelegea.

Wakati mwingine hakuna kilichovunjika wala kulegea, bali mihuri miwili isiyo ya ndoa moja imekutanishwa. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha michoro ya sarafu zake, na kwenye peni 20 mwaka ukahamishwa kutoka nyuma kwenda upande wenye picha ya Malkia. Muhuri mpya wa nyuma ukaunganishwa na muhuri wa zamani wa mbele, na zikatoka sarafu zisizo na mwaka upande wowote, idadi yake ikikadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 200,000. Huuzwa kwa makumi ya pauni, si maelfu kama ilivyodaiwa habari zilipovuma.

Kwetu, mahali pa kuvutia zaidi kwa jicho la namna hii ni Tabora ya mwaka 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeifungia bahari Afrika Mashariki ya Kijerumani, sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, na karakana ya reli ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu za hela 5 na hela 20 (hela, kwa Kijerumani Heller, ilikuwa sehemu ya mia ya rupia) na za rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Hela 20 ziligongwa kwa shaba ya njano na shaba nyekundu iliyokusanywa popote ilipopatikana, kwa mihuri iliyotengenezwa papo hapo, na herufi T chini ya mwaka ikiwa ndiyo saini ya mji. Kwa hiyo taji lililochorwa juu ya mwaka ni kubwa kwenye baadhi na dogo kwenye nyingine, na herufi L mbili za neno Heller zina ncha zilizochongoka hapa na zilizopinda kule. Tofauti hizo huitwa aina, kwa kuwa kila muhuri ulitoka mkononi mwa fundi ukiwa na sura yake. Maandishi hafifu na picha zilizokaa upande ni mambo ya kawaida kwenye hela hizo, na anayezikusanya huzipanga kwanza kwa taji, kisha kwa L, ndipo achukue lenzi kutafuta nyufa.