Vakuoli ya paramesiamu: si moyo, wala si pampu ya maji

Wengi hufundishwa kwamba vakuoli (kifuko cha maji ndani ya seli) ya paramesiamu, kiumbe kidogo chenye seli moja, ile inayovimba na kusinyaa mara kwa mara, huvuta maji na kuyasukuma nje kama moyo unavyosukuma damu. Kwa kweli, pale hakuna pampu ya maji. Paramesiamu huishi katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kwa kuwa saitoplazimu yake, yaani ute ulio ndani ya seli, ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, maji humwingia kwa osmosi, yaani kwa kupenya utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi, bila kukoma. Yasipotolewa, seli huvimba hadi kupasuka.

Kinachosukumwa hasa ni protoni, yaani ioni za hidrojeni zenye chaji chanya. Hadubini ya elektroni ilionyesha kwamba kandokando ya mifereji inayoingia kwenye vakuoli kuna mafungu ya mirija yenye upana wa takriban nanomita 50, ambayo uso wake unaoelekea saitoplazimu umejaa vijiti vifupi vilivyopangwa kwa safu za kuzunguka. Mwaka 1995, Agnes Fok na Richard Allen wa Chuo Kikuu cha Hawaii, pamoja na wenzao, walitumia kingamwili kuonyesha kwamba vijiti hivyo ni vimeng'enya vya V-ATPase, ambavyo hutumia nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, kuhamisha protoni. Kazi hiyo huwezesha ioni (chembe zenye chaji), hasa za potasiamu na kloraidi, kurundikana ndani, na maji huzifuata yenyewe.

Dhana nyingine ni kwamba vakuoli husinyaa kwa nyuzi zinazofanana na za misuli. Hata hivyo, vakuoli ya paramesiamu iliyotolewa nje ya seli huendelea kuvimba na kusinyaa, jambo linaloonyesha kuwa mkazo hubadilika katika utando wenyewe. Maji yakishatoka, utando haupotei, bali hukunjamana kuwa mirija midogo.

Wapo pia wanaodhani kwamba picha za hadubini ya elektroni zinaonyesha vakuoli ikiwa kazini. La hasha: sampuli huwa imekufa, imekaushwa au kugandishwa, kisha ikawekwa ndani ya ombwe, na rangi zozote zimeongezwa baadaye. Mpigo wenyewe huonekana kwa hadubini ya kawaida; mpangilio wa hatua zake hukisiwa kwa kulinganisha seli nyingi zilizokamatwa katika nyakati tofauti. Kwa kuwa kemikali za kukazia, yaani zinazohifadhi sampuli isioze, huweza kupotosha mirija hiyo laini, kugandisha ghafla kunaaminika zaidi.

Ama kuhusu taka, vakuoli hii haibebi mzigo mkubwa, kwani sehemu kubwa ya amonia hupenya moja kwa moja kwenye utando wa nje wa seli.