Hiyo 62 ni udongo, siyo dhahabu

Jana nimetumiwa picha nyingine ya kioo cha Gold Bug, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, na swali lile lile: "Kaka, inasoma 62, nichimbe?" Uchimbe nini? Hiyo ni namba ya ardhi. Umepiga picha udongo mwekundu wa Chunya.

Kioo kina namba ya kitu na namba ya ardhi. Ya ardhi inaeleza aina ya madini ya udongo: mwekundu, wa njano au wa kahawia wenye chuma mara nyingi huangukia 40 hadi 75, mchanga mweusi hupanda 75 hadi 95. Wingi wa chuma hausemwi hapo, unasomwa kwenye vimistari vya Fe3O4, yaani chuma cha sumaku kilichomo kwenye udongo. Vikiwa chini, hata 88 isikutishe. Vikijaa, punguza nguvu ya mashine. Kusawazisha ardhi, yaani kuizoesha mashine udongo wa hapo, kila mtu anajua: koili (ile sahani ya chini ya mashine) juu, koili chini, pasipo na chuma chakavu. Basi.

Sasa namba ya kitu, ndipo watu wanaponichosha. "Namba ya dhahabu ni ngapi?" Haipo! Mashine haiijui dhahabu hata kidogo. Inaamsha umeme ndani ya kitu na kupima jinsi unavyochelewa kujibu. Kwenye punje ndogo umeme unakufa upesi, namba inashuka. Dhahabu hiyo hiyo ikiwa nene, namba inapanda. Kwa hiyo punje yako inakaa nyumba moja na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, huko kwenye hamsini na kitu. Ukisema huchimbi takataka, umeshaiacha.

Tena ikiwa kina kirefu, ardhi yenye chuma inaivuta namba kushuka kuelekea namba za msumari. Niliwahi kupata 34 iliyokuwa ikirukaruka, nikataka kuondoka. Uvivu tu wa kubeba sululu ulinibakiza pale. Nilipokwangua vidole vinne vya udongo ikatulia kwenye 51, chini yake punje kama harage. Tangu siku hiyo nakwangua kwanza: mlio ukikaza naendelea, ukipotea nafukia.

Ila mawe yenye chuma bado yananishinda. Mengine yanalia kama punje kabisa, na miaka yote hii sijui kuyatofautisha mpaka niyashike mkononi.

Kijana wa picha kanijibu usiku. Ameshafika magotini, anauliza azidi kushuka?