Nani Ampishe Nani: Mwenye Tanga na Mwenye Injini

Wiki hii tena, kwenye gati la Lamu, kijana wa mashua kamfokea dereva wa boti: “Mimi nina tanga, haki ni yangu!” Kila nikilisikia neno hilo naudhika. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za mwaka 1972, hazimpi mtu haki. Zinagawa wajibu, na kila chombo kina wake.

Kanuni ya 18 inataka chombo cha injini kipishe chombo cha tanga. Wengi wanaishia hapo. Lakini Kanuni ya 13 inasema anayempita mwenzake kwa kutokea nyuma ndiye anayepisha, hata kama yeye ana tanga na anayepitwa ana injini. Mashua iliyoshika upepo mzuri wa kusi ikiifikia boti ya mizigo inayojikokota, mashua ndiyo ipishe. Na ukitweka tanga huku injini inanguruma, wewe ni chombo cha injini, basi.

Kanuni ya 17 ndiyo isiyotajwa na mtu. Anayepishwa anatakiwa ashike njia yake na mwendo wake. Tuseme unabisha, yaani unakwenda mshazari kuukabili upepo, kuelekea kijiji cha Shela, boti inakuja, dereva kakuona na kageuza usukani apite nyuma ya tezi yako, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Hapo usipindue, yaani usigeuze chombo upepo uje upande wa pili! Ukipindua, foromali, ule mti unaobeba tanga, lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na muda wote huo tanga halina nguvu nawe umelala mbele ya boti iliyokuwa imekwisha kukupisha. Dereva hasomi moyo wako, anasoma omo yako, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inaelekea wapi. Akiwa hakupishi kabisa, kanuni hiyohiyo inakuruhusu umkwepe, na mkikaribiana mno inakulazimisha. Kushupaa mpaka mbao zivunjike hakumo popote.

Sasa madereva, nanyi. Mnaamini adabu ni kupunguza mafuta mnapofika ubavuni mwa mashua. Boti ya fiberi katika kasi yake kamili huinuka ikateleza juu ya maji, na mawimbi yake huwa madogo. Ukiipunguza nusunusu, omo inapanda, tezi inazama, boti inalima maji, na hapo ndipo linapozaliwa wimbi kubwa kuliko yote. Upepo ukiwa hafifu, wimbi hilo linaifikia mashua, mlingoti unayumba, foromali inapigapiga, tanga linamwaga upepo, mashua inasimama na usukani haushiki tena. Ndipo nahodha anapokutukana, nawe unashangaa, kwa sababu ulikusudia wema. Punguza ukiwa bado mbali, mpaka omo irudi chini na boti ielee sawasawa. Huwezi? Basi pita mbali kwa kasi yako, nyuma yake, si mbele.

Linalobaki kunisumbua ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Kanuni ya 9 inasema chombo cha tanga, au kisichofika mita 20, kisimzuie yule asiyeweza kupita salama ila ndani ya mlango huo. Lakini maji yakitoka, kina kinabaki katikati tu, na sote hatufiki mita 20. Nani basi amzuie nani? Nimeisoma kanuni hiyo tena na tena na bado sioni inavyotujibu.

Mimi nikiwa na injini humngoja nje mwenye tanga anayesukumwa na maji, maana hana namna ya kusimama. Akiwa anakwenda kinyume cha maji na upepo umelegea, hata manahodha wazee wanapingana. Mmoja aliniambia mwenye injini angoje, hata ikiwa nusu saa. Mwingine akasema mwenye tanga alishushe, ajisogeze kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, mpaka kwenye mikoko, ajifunge hapo boti zipite. Siku hizi naegemea kwa huyu wa pili, hasa kukiwa na mgonjwa anayekimbizwa hospitali kutoka kisiwa cha Pate.