Shahada ya Uzamivu Haimfundishi Mtu Kufundisha

Anayetaka kufundisha watoto wa darasa la kwanza hupitia chuo cha ualimu. Husomea saikolojia ya mtoto, hujifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kisha huenda mazoezi ya kufundisha huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa akimtazama. Anayetaka kufundisha chuo kikuu, katika nchi nyingi, haulizwi lolote kati ya hayo. Huulizwa shahada. Na shahada ya uzamivu, pamoja na ugumu wake wote, ni mafunzo ya utafiti: mtu anafundishwa kuuliza swali jipya, kukusanya ushahidi na kutetea hoja mbele ya wataalamu wachache. Akihitimu anakabidhiwa ukumbi wenye wanafunzi mia tatu na mtaala ambao hakushiriki kuuandika.

Wazazi na wanafunzi wengi hawalijui jambo hili, na wahadhiri wenyewe huliona la kawaida kwa sababu hata waliowafundisha wao walianza hivyo hivyo. Kazi yangu ni kuandaa mafunzo ya wahadhiri, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni wapi mtu apate nafasi ya kujiendeleza. Nafasi zipo, tena nyingi. Lililo gumu ni kutambua zipi zinafika hadi kwa mwanafunzi na zipi zinaishia kwenye cheti.

Baadhi ya nchi zilikwisha kuamua kwamba suala hili lisiachwe kwa hiari ya mtu. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilifungua kituo cha kuwasaidia wahadhiri katika ufundishaji mwaka 1962. Uingereza ilipata msukumo mwaka 1997, pale kamati iliyoongozwa na Ron Dearing ilipopendekeza ufundishaji wa vyuo vikuu utambuliwe kama taaluma yenye viwango vyake; leo mhadhiri wa huko anaweza kuomba hadhi ya kitaaluma yenye ngazi 4, kuanzia kwa anayeanza kazi hadi kwa kiongozi. Uholanzi ina cheti cha msingi cha ufundishaji ambacho vyuo vikuu vyake vilikubaliana mwaka 2008 kukitambua baina yao, kwa hiyo mhadhiri akihama hahitaji kuanza upya. Norwei imeweka kiwango cha saa zisizopungua 200 za mafunzo ya ufundishaji kwa wahadhiri wake, na anayeajiriwa bila mafunzo hayo hupewa miaka 2 kuyakamilisha.

Saa 200 ni nyingi. Mhadhiri mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha ana haki ya kuuliza kama zinaleta faida. Mwaka 2004 watafiti Graham Gibbs na Martin Coffey walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu 22 vya nchi 8, wakilinganisha wahadhiri waliopata mafunzo na wenzao waliokosa. Waliofundishwa walianza kuweka mkazo kwenye kile mwanafunzi anachokifanya na kukielewa, na wanafunzi wao nao walizama zaidi katika masomo badala ya kukariri. Upande wa pili, wale waliokosa mafunzo hawakubaki tu walipokuwa: baadhi yao walirudi nyuma. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba uzoefu pekee humnoa mhadhiri. Miaka ya kazi isiyo na mrejesho huweza kukomaza makosa pia.

Ila mafunzo hayo yalikuwa ya miezi kadhaa. Semina ya siku moja, ile yenye hotuba ya ufunguzi, slaidi nyingi na picha ya pamoja, ni jambo jingine. Sipingi semina, humpa mtu wazo na kumkutanisha na wenzake. Lakini wazo likikosa wa kulifuatilia, muhula unapoanza mhadhiri hurudia alichokizoea. Nikialikwa kuandaa semina ya siku moja, ninaomba siku nyingine mbili baadaye katika muhula huo huo ili watu warudi waseme walichojaribu na kilichotokea. Mara nyingi manufaa huonekana katika siku hizo za kurudi.

Nafasi ninayoipenda kuliko zote haihitaji nauli wala ufadhili: kutembeleana madarasani. Wahadhiri wawili wanakubaliana kila mmoja amtazame mwenzake akifundisha. Wanakutana kwanza, na mwenyeji, yaani atakayetazamwa, anataja kitu kimoja anachotaka kiangaliwe. Kwa mfano anaweza kusema, nikiuliza swali, tazama nasubiri kwa muda gani kabla ya kulijibu mwenyewe. Swali hilo lina historia. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya shule za Marekani na kugundua kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakiongeza hadi sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja. Ukiwa mbele ya ukumbi huwezi kujipima jambo kama hilo. Kimya cha sekunde 3 huonekana kirefu mno kwa aliyesimama.

Mgeni akiwa darasani anaandika kinachotokea, haandiki hukumu. "Saa nne na dakika kumi: swali, hakuna aliyenyoosha mkono, mhadhiri anajibu." Hivyo tu. Baadaye, ikiwezekana siku hiyo hiyo, wanakaa tena na mwenyeji ndiye anayeanza kuzungumza. Maandishi yanabaki mali yake. Hapa wakuu wa idara nawasihi wanisikilize: mkiyachukua maandishi hayo na kuyatia kwenye faili la kupandishia vyeo, mmeua zoezi zima, maana kuanzia hapo kila mtu ataandaa kipindi cha maonyesho. Ukaguzi wa ubora una mahali pake na usichanganywe na kutembeleana huku. Ninashauri pia mgeni atoke idara nyingine pale inapowezekana. Mwanahistoria akiketi katika kipindi cha kemia hatababaishwa na somo lenyewe, atawatazama wanafunzi.

Baada ya hapo mhadhiri anaweza kupiga hatua ya kulichunguza darasa lake kama anavyochunguza jambo lolote la taaluma yake. Mfano maarufu ni wa Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wanafunzi wake walimsifu katika tathmini, na walikokotoa maswali magumu vizuri. Alipowapa jaribio la maswali mepesi ya kupima kama wameielewa dhana ya kani, mmoja alimuuliza kama ajibu kwa namna alivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri mwenyewe. Mazur alichukua matokeo ya jaribio hilo kama data, na kuanzia mwaka 1991 akabadili vipindi vyake: swali linaulizwa, kila mwanafunzi analijibu peke yake, kisha wanageukiana kushawishiana, halafu wanajibu tena. Mtafiti anajua tayari kukusanya data, kulinganisha na kutilia shaka. Kinachotakiwa ni kuuelekeza ujuzi huo kwenye kozi yake mwenyewe.

Kwa wanaoona ufundishaji shirikishi, yaani ule wa kumshughulisha mwanafunzi kama alivyofanya Mazur, kuwa fasheni ya kupita, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 uliunganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ya vyuo vikuu. Katika madarasa ya mhadhara mtupu, karibu asilimia 34 ya wanafunzi walifeli. Kwenye madarasa shirikishi ni karibu asilimia 22.

Nafasi za kusafiri nazo zina uzito wake, ingawa huzungumzwa zaidi kuliko zinavyostahili. Mpango wa Fulbright wa Marekani ulianza mwaka 1946 na hupeleka na kupokea wanazuoni. Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya hugharimia ziara za wahadhiri za kuanzia siku 2 hadi miezi 2, na anayekwenda kufundisha hutakiwa kwa kawaida kufundisha saa zisizopungua 8 kwa wiki. Likizo ya utafiti, ambayo Harvard ilianza kuitoa mwaka 1880, bado ndiyo njia bora ya kumpa mtu muda wa kufikiri, na sioni kwa nini isitumike pia kuisuka upya kozi nzima. Kozi za mtandaoni husaidia aliye mbali na asiye na fedha. Chukua ile yenye kazi ya kufanya na mtu wa kukusahihisha.

Kuna kikwazo ambacho vyuo vyenyewe vinakiweka. Vingi hupima ufundishaji kwa dodoso la wanafunzi mwishoni mwa muhula, basi. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya madarasa ya fizikia: wanafunzi waliofundishwa kwa njia shirikishi walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangika vizuri. Mhadhiri anayejaribu njia bora anaweza basi kuadhibiwa kwa alama za dodoso. Maoni ya wanafunzi yasikilizwe, ila yasiwe mizani pekee. Kando yake kuwe na jalada la ufundishaji, ambamo mhadhiri anakusanya mtaala aliouandika, mitihani aliyotunga, mifano ya mrejesho aliowapa wanafunzi na maelezo ya alichobadilisha na sababu zake. Chuo kinachosoma jalada kama hilo wakati wa kupandisha vyeo hakitahitaji kuwabembeleza watu wahudhurie mafunzo.

Wanaosahaulika zaidi ni wahadhiri wasaidizi na wale wa muda. Ndio wanaosimamia semina za mwaka wa kwanza na kusahihisha sehemu kubwa ya kazi, wakati barua za mwaliko wa mafunzo huenda kwa walioajiriwa moja kwa moja. Chuo kikiwa na nafasi kumi tu, ningewapa wao nusu yake. Saa za mafunzo zilipwe kama saa za kazi, kwa sababu anayelipwa kwa kipindi hupoteza kipato akija kujifunza.

Ukitaka kuomba ruhusa au fedha, usiandike kwamba unataka kujiendeleza kitaaluma. Kila ombi husema hivyo. Taja kozi, taja tatizo: wanafunzi wa mwaka wa pili wanafeli swali la uchambuzi miaka mitatu mfululizo. Eleza mafunzo unayoyaomba yanahusianaje na tatizo hilo, utajaribu nini muhula ujao, na nani atakuja darasani kukutazama. Ambatisha orodha ya vipindi vitakavyoachwa wazi na jina la mwenzako aliyekubali kuvishika.