Klachi inayogonga: sikiliza mkono kabla hujafungua kava

Kibanda changu kipo Mabatini, hapa Mwanza, pale mawe yanapoanza kupanda na nyumba zinapandana nayo. Wiki mbili zilizopita mzee mmoja anayechukua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwapeleka Kisesa alinifikia akiwa anaisukuma Honda CG125 yake. Ni mashine ya zamani lakini ametunza kila kitu anachoweza kukiona kwa macho. Alikuwa ameambiwa kwingine kwamba giaboksi imekwisha, aandae hela ya kushusha injini nzima.

"Fundi, niambie ukweli. Niuze au nitengeneze?"

"Shikamoo mzee. Tuiwashe kwanza."

Ilipowaka, upande wa kulia, chini ya kiki, ikatoka sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Nikabana klachi: kimya. Nikaachia: kokoto zikarudi. Nikamwambia mzee asishushe injini mpaka tumalize kuiuliza.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela, kwa hiyo nieleze taratibu. CG125 ilitoka mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani kwetu zina injini iliyonakiliwa kutoka kwake, hivyo hata kama yako si Honda, huenda ndani ni jamaa yake. Klachi imekaa upande wa kulia na inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazungusha gia kubwa, na gia hiyo imefungwa kwa ripiti (misumari iliyopondwa kichwa isifunguke) nyuma ya haozingi, yaani kile kikombe cha aluminiamu chenye vidole. Pleti za fiba zina masikio yanayoingia katikati ya vidole hivyo, kwa hiyo zinazunguka na krenki. Pleti za chuma zinashika kitovu kilichofungwa kwenye shafti ya giaboksi. Springi nne zinazibana zote pamoja. Ukibana mkono wa klachi, ule wa kwenye usukani, springi zinaachia, haozingi inaendelea kuzunguka na krenki, na shafti ya giaboksi inatulia.

Sasa weka fri, yaani pasiwe na gia iliyoingia, injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma yenyewe bila kuvuta mafuta, ubane na kuachia mkono polepole. Sauti inayopotea ukibana imetoka kwenye kitu ulichokitua mzigo: haozingi na pleti zake, au beringi ya shafti ya giaboksi. Sauti inayozaliwa ukibana, hasa ikiwa nyembamba kama mluzi au mkwaruzo, ni ile beringi ndogo ya katikati inayosukumwa na kijiti cha klachi. Na kama sauti haibadiliki hata kidogo, achana na klachi, kapime tapeti, ile nafasi ndogo iliyopo juu ya valvu. Kwenye CG125 ni milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi. Nimeshaona watu wakinunua klachi mpya kwa ajili ya kelele ya tapeti, na inaniuma kwa sababu hela hiyo ni ada ya mtoto wa mtu.

Ile beringi ndogo haina hadithi ndefu, ni kipuri cha bei ndogo na unakibadilisha saa hiyohiyo. Ila tafuta kilichoiua. Mara nyingi ni waya wa klachi uliokazwa mno. Ncha ya mkono inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Isipocheza, beringi inasukumwa mchana kutwa na pleti hazibanwi sawasawa. Dereva anayeendesha akiwa amelaza vidole viwili juu ya mkono wa klachi anafanya uharibifu uleule. Na wanaoosha pikipiki kwa kuzitumbukiza ziwani, maji yanaingia kwenye ganda la waya, waya unapata kutu, mkono unakuwa mgumu na haurudi wote.

Turudi kwa mzee. Kabla ya kushika spana ya kava nilifanya mambo mawili. La kwanza, sailensi. Alikuwa ameishusha mno ili kuokoa mafuta, injini inadunda kama inayotaka kuzima. Injini ya silinda moja ikizunguka polepole hivyo, kila mlipuko unaipiga ile gia kubwa mbele, halafu inarudi nyuma, na kulegea kokote kunapiga kelele. Nikaipandisha ikafika kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kelele ikapungua karibu nusu. Pikipiki nyingi zinaishia hapo, na ningefurahi nayo ingeishia hapo.

La pili, oili. Nilimwaga kidogo kwenye mfuniko mweupe wa ndoo nikaupeleka juani. Ndani ya ule weusi palikuwa na mng'aro wa kijivu, kama vumbi la magamba ya furu. Nikapitisha sumaku chini ya mfuniko: vumbi halikusogea. Hilo lilinipa moyo kuliko kitu kingine siku ile. Meno ya gia na beringi ni chuma, yangeifuata sumaku. Lisilofuata sumaku ni aluminiamu, na upande huo aluminiamu inayogongwa siku nzima ni vidole vya haozingi. Nikamwambia mzee, giaboksi yako naomba tuiache ilale.

Tukamwaga oili yote, nikatoa kava ya kulia. Bolti nne za springi huwa nazilegeza kwa msalaba, kidogo kidogo, vinginevyo ile sahani ya aluminiamu inayobeba springi inakatika masikio. Pleti zikatoka. Za fiba nilizipima kwa kalipa: mpya huwa karibu milimita 3, na nikikuta 2.6 siirudishi ndani. Zake zilikuwa 2.7, zimeungua rangi. Za chuma nazilaza moja moja juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Iliyopinda unaiona inayumba ukiibonyeza kidole pembeni.

Kisha haozingi yenyewe. Nilimshika mzee mkono nikapitisha kidole chake kwenye ukuta wa mojawapo ya vile vidole. Akahisi ngazi, moja kwa kila pleti, zimechimbwa na masikio ya pleti. Pleti ikitaka kuteleza kutoka ngazi moja inakwama, ndiyo maana alikuwa akilalamika gia ya kwanza inaingia kwa kishindo na kupata fri ni vita. Nikaishika gia kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, nikazungusha: zinacheza, mbele na nyuma. Nyuma ya gia kuna springi ndogo za kupokea mshtuko, zimelegea, na ripiti zimelegea nazo. Kokoto tulizozisikia ndizo hizo.

Ngazi zikiwa za kukwaruza tu unaweza kuzisawazisha kwa tupa laini, ukiondoa kidogo na sawa kwa vidole vyote. Zikiwa na kina cha kuzuia ukucha, kama hizi, ukipiga tupa unaongeza nafasi na masikio yatagonga zaidi. Kuna wanaogongelea ripiti upya kwa nyundo. Mimi sifanyi. Ripiti ikiachia wakati injini inazunguka, gia inakula kava na krenki kwa pamoja.

Kwa nini zinaisha hivi kwetu? Angalia milima. Ukipanda Bugarika au huku kwetu Mabatini na magunia ya dagaa nyuma, unavuta mafuta huku umeshikilia nusu klachi ili isizime. Kila unapofanya hivyo pleti zinasuguana na masikio yanapiga vidole. Panda na gia ya kwanza, achia mkono wote mapema. Na ukisimama katikati ya mlima shikilia breki, si klachi.

Haozingi mpya tuliitafuta tukiwa na ile mbovu mkononi. Usiende dukani ukasema tu "ya CG". Zinafanana kwa mbali, lakini kuna za pleti tano na za sita, na meno ya gia hutofautiana. Hesabu meno, linganisha kina na tundu la katikati, hapo ndipo utoe hela. Pleti mpya nililaza kwenye oili usiku kucha. Ukizifunga kavu zinaungua kwenye mlima wa kwanza. Kava ikiwa nje, nilisafisha pia kile kikombe cha kuchujia oili kilichopo mwisho wa krenki, maana vumbi la aluminiamu hujikusanya humo, na lile chujio la waya chini.

Kuna nati ya katikati yenye mikato minne, na chini yake washa ya kufungia. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii nilisahau kukunja sikio la ile washa. Pikipiki ikaenda Usagara ikarudi kwenye kirikuu, nati imefunguka na kuchimba kava kwa ndani. Nililipa kava, na yule dereva alipoteza siku tatu za kazi ambazo sikuweza kumlipa. Tangu hapo sikio la washa nalikunja, kisha nalishika kwa kidole kabla ya kurudisha kitu kingine chochote.

Gasketi nilikata ya karatasi yenyewe, si boksi la soda. Gundi nyingi ya silikoni sipendi, vipande vinavyobanduka vinaziba njia ya oili. Nikajaza 20W-50 ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi inayoogelea kwenye oili. Oili za magari zinazotangazwa kuokoa mafuta zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi hii inaishi kwa msuguano.

Tuliiwasha. Ilibaki sauti ndogo ya chini, ile ya mashine yenye umri, na nilimwambia mzee hiyo asiihangaikie. Baada ya siku nne alirudi ili tumwage ile oili ya kwanza, kama tulivyokubaliana. Nikaipeleka juani kwenye mfuniko uleule. Tuliinamia wote wawili tukautikisa huku na huku: weusi kidogo, mng'aro hakuna.